Barua Kutoka Ughaibuni: Wanaoipima Theluji

Dhoruba kubwa za theluji za Massachusetts, kaskazini-mashariki mwa Marekani, huzaliwa pwani. Hewa baridi na kavu hushuka kutoka Kanada, ikakutana na hewa yenye unyevu iliyopitia juu ya mkondo wa maji vuguvugu wa bahari ya Atlantiki. Zinapogongana, kanieneo ya hewa huporomoka, upepo huvuma kwa nguvu kutoka kaskazini-mashariki, na unyevu huganda mawinguni ukawa theluji. Idara ya hali ya hewa ya Marekani huihesabu dhoruba kuwa kali kabisa upepo unapofikia kilomita 56 kwa saa au zaidi, macho yasione zaidi ya mita 400, na hali hiyo ikadumu saa tatu.

Katika jimbo hilo wanaishi Wakenya wengi, hasa katika miji ya Lowell na Worcester. Wengi huuguza wagonjwa na kutunza wazee, kazi isiyojua sikukuu wala dhoruba. Kwa aliyekulia Mai Mahiu, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, baridi anayoijua ni ya ukungu wa Kimende alfajiri na sakitu inayounguza viazi huko Kinangop. Theluji ni jambo jingine. Tarehe 26 na 27 Januari 2015, Worcester ilipata sentimita 88 katika dhoruba moja, yaani kimo cha kiuno cha mtu mzima. Kufikia mwisho wa msimu huo, Boston ilikuwa imepata jumla ya sentimita 281, kiasi kinachopita urefu wa mlango wa nyumba.

Wakati majirani wanafunga milango na kujaza akiba ya mkate na maziwa, wapo watu ambao dhoruba huwatoa nje. Hao ni wapenzi wa hali ya hewa: walimu, wakulima, madereva waliostaafu, wanafunzi. Siku mbili kabla, wao hufuatilia kushuka kwa kanieneo na kugeuka kwa upepo. Theluji ikianza, huandika saa na dakika ya chembe ya kwanza.

Kifaa chao kikuu ni ubao. Huwa mweupe, wa mraba, upana wake kama sentimita 40 hadi 60, nao huwekwa mahali palipo wazi, mbali na ukuta na mti. Rula husimamishwa juu yake, kimo kikasomwa, kisha ubao ukafagiwa na kurudishwa juu ya theluji iliyopo. Ubao haufagiwi zaidi ya mara moja kila saa sita. Sababu ni kwamba theluji hujishindilia kwa uzito wake; anayeufagia kila saa atapata jumla kubwa kuliko ukweli, na rekodi yake haitalingana na ya wenzake.

Kimo peke yake hakitoshi. Mpimaji huchota theluji kwa silinda, akaiyeyusha na kupima maji yake. Kwa wastani, sentimita 10 za theluji hutoa sentimita 1 ya maji, lakini theluji nyepesi ya baridi kali hutoa pungufu ya hapo, na ile nzito yenye majimaji hutoa mara mbili ya hapo. Maji hayo ndiyo yanayowahusu wahandisi, kwa kuwa ndiyo yanayolemea mapaa na kujaza mito theluji inapoyeyuka.

Kupiga picha nako kuna kanuni zake. Kamera hudanganywa na weupe: ikiachiwa uamuzi, hupunguza mwanga na kuifanya theluji ionekane ya kijivu, kwa hiyo mpigaji huongeza mwanga kwa mkono. Betri hufa upesi kwenye baridi, basi ya akiba hukaa mfukoni karibu na mwili. Kabla ya kurudi ndani, kamera hufungwa kwenye mfuko wa plastiki usioingiza hewa, ili umande utande juu ya mfuko na si ndani ya lenzi. Na picha yenye manufaa kuliko zote haina urembo wowote: rula iliyosimama wima kwenye ubao, tarakimu zikisomeka.

Babu wa wapiga picha hawa alikuwa mkulima wa ng'ombe wa maziwa katika kijiji cha Jericho, jimbo la Vermont, jina lake Wilson Bentley. Tarehe 15 Januari 1885 aliunganisha hadubini na kamera, akawa miongoni mwa watu wa kwanza kupiga picha ya chembe moja ya theluji. Alifanyia kazi katika kibanda kisicho na moto. Alikinga chembe kwenye kibao cheusi, akaihamisha kwa kijiti chembamba, akailaza juu ya kioo kwa unyoya wa ndege, huku amebana pumzi, maana pumzi moja ingeiyeyusha. Alikusanya picha zaidi ya 5,000, na kila chembe ilikuwa na umbo lake, ingawa karibu zote zina pembe sita. Mwaka 1931 alishikwa na nimonia baada ya kutembea ndani ya dhoruba, akafariki mwezi Desemba.

Dhoruba huua hata wasioipenda. Februari 1978, magari zaidi ya 3,000 yalikwama katika barabara moja kuu nje ya Boston. Baadhi ya madereva walifariki wakiota joto la injini, theluji ikiwa imeziba bomba la moshi.

Theluji ya namna hii haifiki Bonde la Ufa. Mnamo Septemba 2008, kilima cha Busara karibu na Nyahururu kilipogeuka cheupe, wengi walidhani ni theluji. Ilikuwa mvua ya mawe, ambayo punje zake zilishikana zikawa tandiko la barafu. Mvua ya mawe ni matone yaliyorushwa juu na kuganda ndani ya wingu la radi. Theluji hukua kwa mvuke kugeuka barafu moja kwa moja.

Hata hivyo, kazi ya wapima theluji inaigusa Mai Mahiu, kwa sababu mtandao wao mkubwa wa kujitolea ulizaliwa na mafuriko. Tarehe 28 Julai 1997, mafuriko ya ghafla yaliua watu watano mjini Fort Collins, jimbo la Colorado. Upande mmoja wa mji ulikuwa umepata mvua ya zaidi ya milimita 350, upande mwingine chini ya milimita 50, na vituo rasmi vilikuwa vichache mno kuionyesha tofauti hiyo. Mwaka uliofuata, mtaalamu Nolan Doesken na wenzake wakaanzisha mtandao wa CoCoRaHS. Leo maelfu ya watu wa kawaida hupima mvua, mawe na theluji katika nyua zao, wengi wao saa moja asubuhi, na takwimu zao hutumiwa na watabiri.

Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamezuiliwa nyuma ya tuta la reli kwenye miteremko ya Kijabe yaliporomoka, yakaifagia Kamuchiri na vijiji jirani vya Mai Mahiu. Watu zaidi ya 45 walifariki. Mvua iliyowaletea maji hayo ilinyesha juu ya ukingo wa bonde, mbali na vitanda walimolala.

Kipima mvua hakihitaji utaalamu. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwa kila mita moja ya mraba. Milimita 50 juu ya paa la mabati la mita 10 za mraba ni lita 500. Shule moja Kijabe, nyingine Kamuchiri na nyingine chini ya Mlima Longonot, zikipima kila siku saa ileile na kupigiana simu, zitaijua mvua ya mlimani kabla maji hayajashuka. Walimu na wanafunzi wa Mai Mahiu waanze msimu huu, na kila asubuhi waandike tarakimu, hata siku ambayo ni sifuri.