Mlima Kama Chapati

Mpwa wangu alikuja kwangu na kazi ya jiografia: achonge Mlima Kilimanjaro kwa stairofomu, ile nyeupe nyepesi inayowekwa ndani ya boksi la runinga. Nikamwambia hiyo kazi ndogo, tuachie wenyewe. Msinicheke.

Tukapanga kipimo: sentimita 1 iwe kilomita 1. Mlima una urefu wa kilomita 80 hivi toka upande mmoja hadi mwingine, kwa hiyo ubao wa sentimita 80. Tukanakili kontua kutoka kwenye ramani, kila mita 500 tabaka lake. Kisu lazima kiwe kikali kweli. Kikiwa butu hakikati, kinang'oa vile vipunje, navyo vinakuganda mpaka kwenye nyusi. Tabaka tukazibandika kwa gundi nyeupe ya mbao na kuzishikiza kwa vijiti vya meno, maana gundi ya viatu inaila stairofomu. Rangi ya kopo la kupuliza nayo vilevile. Tuliijaribu kwenye Mawenzi, kilele kikanywea mbele ya macho yetu na harufu ikatutoa nje.

Balaa lenyewe lilikuwa hesabu. Kutoka tambarare, kwenye mita 900 hivi, mpaka mita 5,895 kileleni Kibo, ni kama kilomita 5. Yaani sentimita 5, juu ya ubao wa sentimita 80!

"Mjomba, mbona mlima wetu kama chapati?"

Nikarudia hesabu. Ilikuwa sahihi. Ukisimama Moshi unaona ukuta umeshika mawingu, kumbe sehemu kubwa ya mlima ni mteremko wa taratibu, mpana ajabu.

Dogo akataka tuukuze mara 5. Tukapatana mara 2. Tukaanza upya na tabaka za sentimita 1, tukalainisha kwa msasa, tukapaka jasi, kisha rangi ya maji. Sasa Kibo ikatokeza na kichwa chake bapa, Mawenzi na meno yake, Shira ikalala magharibi. Ukawa mlima.

"Lakini mjomba, si tunadanganya?"

Nikamweleza kwamba hata wataalamu wanakuza kimo ili watu waone, ila wanaandika pembeni wamekuza mara ngapi. Akachukua kalamu, akaandika kwa herufi kubwa: KIMO KIMEKUZWA MARA 2. Mimi nikabaki nimeshika msasa.

Mwaka wangu wa kwanza redioni nilitumwa kwenye mafuriko. Nilihesabu nyumba zilizoingia maji kwa macho yangu. Nilipofika studio nikaona habari yangu ni chapati. Nikasoma hewani kwamba mtaa mzima umezama. Baadaye mama mmoja akapiga simu analia, wazazi wake wazee wanaishi mtaa ule na hawapatikani. Nikamwambia tunafuatilia. Sikumwambia kwamba nimekuza. Mhariri alinipongeza, na masahihisho hayakusomwa kamwe.

Dogo kapeleka mlima wake shule, na kile kibandiko kiko mbele kabisa, huwezi kukikwepa.

Yule mama sikuwahi kujua jina lake. Lakini naandika hapa, nimechelewa miaka: mtaa haukuzama. Ziliingia maji nyumba 11.