Bendi Iko New York, Mwimbaji Yuko California

Ukiisikiliza albamu ya Blue Rose bila kuambiwa chochote, utaapa kwamba Rosemary Clooney amesimama hatua tatu tu kutoka kwenye piano ya Duke Ellington. Wapi! Ellington na bendi yake walirekodi New York mwanzoni mwa 1956. Clooney alikuwa California, mjamzito wa mtoto wa pili, hoi kwa kutapika, safari haiwezi. Aliyewaunganisha ni Billy Strayhorn, mtunzi na mpangaji muziki wa Ellington. Alipanda ndege akamfuata Beverly Hills, wakachagua nyimbo pamoja, na Clooney mwenyewe alisimulia baadaye jinsi Strayhorn alivyomtunza siku zile. Kisha akaingia studio Los Angeles, akavaa hedifoni, akaimba juu ya muziki ambao tayari ulikuwa kwenye tepu.

Wengi wanamjua kwa mambo mengine: msichana wa Maysville, Kentucky, aliyeanza redioni Cincinnati na mdogo wake Betty, filamu ya White Christmas ya 1954, siku hizi, shangazi yake George Clooney. Na Come On-a My House, wimbo wa 1951 ambao Mitch Miller wa Columbia alimlazimisha auimbe. Ulishika namba moja Marekani. Yeye hakuupenda, na mimi pia siupendi.

Blue Rose ni habari nyingine kabisa. Wimbo uliobeba jina la albamu hauna hata neno moja. Sauti yake inapita katikati ya vyombo kana kwamba nayo ni chombo. Katika Passion Flower haimbi kabisa, anamwachia Johnny Hodges na saksafoni yake. Mwimbaji nyota, jina lake liko kwenye jalada, halafu ananyamaza. Nani anakubali hivyo?

Nilianza kuisikiliza sana nikiwa na mimba ya miezi mitatu, natafsiri nyaraka kitandani, ndoo iko chini. Kazini nilikuwa nimeomba nifanyie nyumbani kwa wiki chache. Jibu la mkuu wangu: "Mimba si ugonjwa, dada." Basi nikawa naitafuta ile kichefuchefu ya Clooney kwenye Sophisticated Lady, kwenye Grievin'. Haisikiki. Watu humsifu kwa hilo, kwamba aliimba kama mzima. Sifa hiyo inaniudhi kidogo, maana ndiyo hiyo hiyo tunayodaiwa sote: tapika, jipanguse, cheka. Mimi kinachonigusa ni ile tiketi ya ndege. Hawakusema tutafute mwingine. Kazi ilimfuata alipo.

Haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1968 alikuwepo hoteli ya Ambassador usiku ule Robert Kennedy alipopigwa risasi. Muda si mrefu akavunjika jukwaani huko Reno, akalazwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Ikapita karibu miaka kumi kabla ya kampuni ndogo ya Concord Jazz kumchukua, 1977. Hapo ndipo akarekodi albamu baada ya albamu za nyimbo za Broadway: Cole Porter, Harold Arlen, Irving Berlin, Rodgers na Hart.

Na hapa nitabishana na yeyote: huyu wa uzeeni anazielewa nyimbo hizo zaidi. Sauti imeshuka, pumzi imepungua. Neno ambalo zamani angelivuta, sasa analitamka tu kama mtu anayeongea na wewe jikoni, na maana inatulia. Strayhorn hakuzisikia hizo, alifariki 1967. Clooney aliendelea kuimba karibu hadi mwisho, 2002.

Kama humjui, anza na ile ya Cole Porter, ya 1982. Blue Rose isikilize baadaye, kwa hedifoni, usiku watoto wakishalala.