Kabla Hujanunua Bastola

Morogoro

Mpwa wangu Idrisa,

   Dhumuni la barua hii ni yale uliyomwambia mama yako kwenye simu, kwamba wezi wamevunja nyumba ya jirani yenu hapo Houston na wewe sasa unataka kununua bastola. Sikukatazi, u mtu mzima na sheria za Texas zinakuruhusu. Ila mjomba wako amestaafu akiwa askari wa wanyamapori, bunduki ilikuwa kazi yake, kwa hiyo nisikilize.

Nimesoma takwimu za serikali ya huko. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, risasi za bahati mbaya zilikuwa zikiua watu wapatao 3,000 kwa mwaka Marekani. Mwaka 2022 walikufa 463, na hali watu wa nchi hiyo wameongezeka zaidi ya mara mbili na nusu. Vifo vimepungua kwa sababu kadhaa. Kwanza wawindaji walifundishwa: mwaka 1949 jimbo la New York lilianza kudai mafunzo kabla ya kijana kupewa leseni ya kuwinda, na mengine yakafuata. Majimbo mengi yakawavisha vizibao vya rangi ya chungwa kali ili wasidhaniwe wanyama. Wawindaji wenyewe nao wamepungua, na hospitali zinaokoa majeruhi ambao zamani wangekufa.

Hayo yote ni ya porini na hospitalini. Chumbani kwako nani atasimamia? Tangu 2003 hadi 2021, ajali za risasi ziliua watoto 1,262 wa chini ya miaka 18 huko, na wengi mno walifia nyumbani. Mara nyingi mtoto alikuwa akiichezea silaha au akimwonyesha mwenzake. Pale ilipojulikana ilikowekwa, kwa kawaida haikufungiwa. Mahali palipotajwa zaidi ni kwenye kabati la kando ya kitanda, au chini ya godoro au mto. Ndipo hapohapo unapofikiria kuiweka wewe, ili mwizi akija uifikie upesi.

Mwanao Sudi ana miaka minne. Mtoto wa umri huo kidole kimoja hakina nguvu, basi huigeuza bastola, mdomo ukamwelekea kifuani, akasukuma kifyatulio kwa vidole gumba viwili. Usiseme umemkanya. Mtoto aliyekanywa bado ana hamu ya kuona.

Jingine ni la watu wazima. Wengi huchomoa magazini wakaamini bastola ni tupu, kumbe risasi moja imebaki chemba. Chomoa magazini kwanza, kisha vuta nyuma sehemu ya juu ya bastola, uichungulie chemba na kuipapasa kwa kidole. Fanya hivyo kila unapoishika, hata kama aliyekupa ameikagua mbele yako. Mdomo wa silaha usimwelekee mtu, na kidole kisiguse kifyatulio mpaka umeamua kupiga na umejua kilicho nyuma ya shabaha.

Usisahau kwamba ajali ni kama asilimia 1 tu ya vifo vya risasi huko. Zaidi ya nusu ni watu waliojiua. Kufuli linamkinga hata mtu mzima aliyekata tamaa usiku mmoja.

Basi, ukinunua, nunua siku hiyohiyo na sefu. Bastola ikae humo bila risasi, na risasi zifungiwe mbali nayo. Texas yenyewe inamshtaki mtu aliyezembea hadi mtoto wa chini ya miaka 17 akaipata silaha yenye risasi. Na Sudi akialikwa kucheza kwa watu, mkeo Rehema aulize bila haya kama wana bunduki na kama imefungiwa.

Kama fedha ya sefu haipo, fedha ya bastola pia haipo. Badilisha kitasa, weka taa nje. Nijibu kabla hujaenda dukani.

Wasalaam,
Mjomba wako