Santuri za Kanindo na Kericho

Jumapili, 9 Juni 2024

Vijana wa hapa senta Nyamuswa wanaamini muziki wa benga ni mali ya Wakenya watupu. Leo tumebishana mpaka giza likaingia. Daniel Owino Misiani alizaliwa mwaka 1940 Nyamagongo, karibu na Shirati, mkoa wetu huu huu wa Mara. Wazazi wake walikuwa watu wa dini, gitaa hawakulitaka. Akavuka mpaka, akaunda bendi, na huko huko ugenini akaiita Shirati Jazz. Kenya walimweka ndani kwa ajili ya nyimbo zake za siasa, lakini wapenzi wa muziki walimwita babu wa benga mpaka alipofariki kwa ajali ya gari Kisumu, Mei 2006.

Kijana mmoja wa bodaboda akaniuliza: "Mzee, kama ni wa kwetu, mbona santuri zake zinatoka Nairobi?" Ni swali zuri, linastahili jibu refu kuliko lile nililompa pale kwenye benchi la kahawa.

Jumatano, 12 Juni

Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi katika studio yake, ikatunza kanda na kuzirusha hewani. Nimekulia kwenye nyimbo zile na naziheshimu mpaka leo. Lakini kanda iliyoko kwenye rafu Dar es Salaam huwezi kuinunua ukaipeleka harusini Nyamuswa. Tena redio ile ilitangaza kwa Kiswahili. Aliyeimba Kijaluo au Kikurya hakuwa na pa kubisha hodi. Nairobi kulikuwa na kiwanda, na kando ya kiwanda kulikuwa na wafanyabiashara wenye lebo zao wenyewe, waliokuwa tayari kurekodi lugha yoyote ilimradi ina wanunuzi. Hata waimbaji wa Kiswahili walifuata njia hiyo hiyo: Wilson na George Kinyonga walitoka Tanga, wakapita Arusha na Mombasa, mpaka Nairobi na Simba Wanyika yao.

Mwalimu Nyerere alizaliwa hapo jirani, Butiama, na kazi aliyoifanya ya kutuunganisha kwa lugha moja siwezi kuibeza. Ila nyimbo za lugha za Mara ziliokolewa na wenye maduka. Hilo nalo lisemwe.

Ijumaa, 14 Juni

Nimetoa santuri moja kwenye sanduku la marehemu baba mdogo, aliyekuwa akichuuza dagaa hadi Migori. Ni ile ndogo ya mizunguko 45, yenye tundu kubwa katikati ambamo lazima upachike kipande cha plastiki ndipo ikae kwenye mashine. Karatasi imepauka, lakini maandishi yanasomeka: Sungura, halafu jina la wimbo, jina la bendi, jina la mtunzi kwenye mabano, na namba. Upande mmoja ni sehemu ya 1, mwingine sehemu ya 2.

Mgawanyo huo ndio uliojenga benga tunayoijua. Upande mmoja ulibeba dakika chache tu, kwa hiyo waimbaji walimaliza habari zao mwanzoni: sifa za fulani, msiba, mapenzi. Ukigeuza, sauti zinapungua na magitaa yanachukua nafasi. Solo linapanda na kushuka kwa kasi, ridhimu linalijibu, besi linasukuma kutoka chini, na vidole vinadonoa nyuzi kwa namna ya wapiga nyatiti wa Kijaluo. Nimeirudia sehemu ya 2 mpaka mke wangu akaja kusimama mlangoni, naye akabaki hapo akisikiliza.

Sungura ilikuwa moja ya lebo za Phares Oluoch Kanindo, mtu wa Nyanza Kusini, mwenye POK Music Stores, ambaye baadaye aliingia hata bungeni. Miaka ya 1970 yeye ndiye aliyeisambaza benga kuliko karibu kila mtu. Santuri zake zilifika hadi Zimbabwe, wakati huo ikiitwa Rhodesia, na watu wa huko wakawa wanauita muziki wenyewe kanindo. Wapigania uhuru wao walikuwa kwenye makambi yetu, Mgagao na kwingineko, na inasimuliwa kwamba nao waliusikia humo wakarudi nao. Baada ya uhuru wa 1980 Ephraim Joe akaunda Sungura Boys, na mpaka leo muziki wa magitaa unaopendwa sana Zimbabwe, ule wa kina Alick Macheso, unaitwa sungura. Jina la lebo ya duka limekuwa jina la muziki wa taifa zima. Sijui mrithi gani wa kampuni kubwa anayeweza kujivunia jambo kama hilo.

Jumapili, 16 Juni

Mpwa wangu aliyeko Mwanza amenitumia filamu mpya ya Wamarekani kuhusu lebo ya Stax ya Memphis. Nimeitazama yote kwenye simu. Jim Stewart alikuwa mfanyakazi wa benki, dada yake Estelle Axton naye vilevile. Walikodi jumba la sinema lililoachwa, wakaligeuza studio, na sehemu ya mbele Estelle akafungua duka la santuri. Vijana weusi wa mtaa ule walikuja kununua, yeye akawauliza wanapenda nini na kwa nini, halafu majibu yao akayapeleka studio. Ndipo wakatoka Otis Redding, Booker T. na wengineo.

Nikamkumbuka A. P. Chandarana wa Kericho. Alikuwa na duka la muziki katikati ya nchi ya chai, na mashamba yale yalijaa vibarua wa kila kabila: Wakipsigis, Wajaluo, Wakisii, Waluhya. Mshahara ukitoka walifika dukani. Mhindi yule alijua nani anataka nini kwa sababu alisimama kaunta akawasikiliza, akajenga studio hapo hapo Kericho na kurekodi kwa lugha zao. Kipchamba arap Tabotuk, gwiji wa Wakipsigis, alirekodi kwake. Nani Nairobi, achilia mbali London, angekaa chini kupanga biashara ya nyimbo za Kikipsigis?

Huo ndio urithi wa lebo ndogo ninaouona mimi, Memphis au Kericho: mwenye mali alikuwa karibu na masikio ya mnunuzi.

Alhamisi, 20 Juni

Upande wa pili wa habari hii unaniuma.

Mwaka 1968 Stax waligundua kwamba mkataba wao wa 1965 na Atlantic, ambao Stewart hakuusoma vizuri, uliwapa Atlantic umiliki wa rekodi zao zote zilizosambazwa. Kazi ya miaka ikaondoka kwa karatasi. Desemba 1975 lebo ikafungwa kwa kufilisika.

Kwetu walioumia zaidi walikuwa wanamuziki wenyewe. Wengi walilipwa mara moja, pesa ya siku ya kurekodi na nauli, wakarudi nyumbani. Nimewaona wazee wa gitaa huku Mara ambao nyimbo zao zinachezwa kwenye mabasi na hawana hata santuri moja ya kumwonyesha mjukuu. Nawashukuru wenye lebo kwa moyo wote, na nasema pia kwamba wengi wao waliwapunja watu hawa. Yote mawili ni kweli.

Nimeisoma sheria. Kenya, haki ya rekodi ya sauti inadumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Maana yake rekodi za 1973 zimekwisha kuwa huru tangu mwaka huu uanze, na kila mwaka mpya utafungua nyingine. Haki ya mtunzi ni tofauti: inadumu maisha yake na miaka 50 baada ya kifo, huku kwetu pia kwa sheria ya 1999. Nyimbo alizotunga Misiani zitalindwa hadi mwisho wa 2056. Kwa hiyo mwenye lebo anaelekea kutoka, na familia ya mtunzi bado imo, isipokuwa pale mzee aliposaini kuuza kila kitu.

Ila familia idai kwa ushahidi gani? Ule ulioko kwenye karatasi ya katikati ya santuri: jina kwenye mabano, na namba.

Jumapili, 23 Juni

Nimeanza kunakili. Lebo, namba, bendi, mtunzi, sehemu ya 1, sehemu ya 2, kila santuri mstari wake kwenye daftari la hesabu. Pale karatasi ilipochanika naandika ninachosoma tu, sijazii. Mpwa atapiga picha pande zote mbili na kupeleka orodha COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, waseme utaratibu wa kuwasajili watunzi walio Watanzania.

Yule kijana wa bodaboda amekubali kunipeleka Shirati na Utegi, mafuta juu yangu. Tutaanza na santuri za Kijaluo, kwa sababu wanaoweza kusikia sauti na kusema "huyu ni wa ukoo fulani" wako huko, na wengi wao wamepita miaka 80.