Maharagi Yaliyobaki Shambani

Soko la Ntoto, katika Walikale, mashariki mwa Kongo, lilishambuliwa tarehe 20 Machi 1993. Mauaji yakaenea upesi hadi Masisi, Wahunde na Wanyanga upande mmoja, Wanyarwanda upande mwingine, na majirani wa miaka mingi wakawa wanakimbiana. Machi kwetu ni mwezi wa palizi. Maharagi yaliyopandwa Februari huvunwa Juni. Mwaka ule yaliachwa vilevile, na aliyethubutu kurudi kuyaangalia aliviziwa njiani.

Bwaki, yaani utapiamlo wa kwashakoo, haikuja mara moja. Aprili watu walikula walichobeba kichwani, Mei wakala ndizi na mihogo ya waliowapokea, hata wenyeji nao wakaishiwa. Kufikia Julai ukumbi wa kanisa nilikokuwa nikiwasaidia wauguzi ulikuwa umejaa mikeka. Wengi walikuwa watoto wa miaka miwili hadi minne, walioachishwa ziwa mdogo wao alipozaliwa, wakabaki na bugali wa muhogo mtupu.

Mtoto wa bwaki humdanganya asiyejua. Mashavu yamejaa, miguu minene, mpita njia anasema huyu hana shida. Muuguzi mkuu alinifundisha kubonyeza mguu kwa kidole gumba, juu ya unyayo, kisha kuachia: shimo linabaki palepale, kama kwenye unga uliokandwa. Nywele zimekuwa nyekundu na nyepesi, ukizivuta zinatoka na mtoto halii. Tena anakataa kula. Hilo ndilo lililonitesa kuliko yote, mtoto anayekufa kwa njaa kugeuza uso akiona kijiko. Tuliwanywesha maziwa ya unga yaliyochanganywa na mafuta na sukari, kidogo kidogo, usiku na mchana, maana mwili uliodhoofika hivyo ukishibishwa ghafla moyo hushindwa. Alfajiri baridi ya Masisi iliwamaliza wengine. Tukawaomba akina mama walale nao kifuani, ngozi kwa ngozi.

Walikuja wageni na picha za vyakula, wakawafundisha akina mama faida ya maharagi, maziwa na mayai. Mama mmoja wa Nyabiondo, aliyekuwa na pacha mkekani, akawajibu kwa adabu: “Muganga, maharagi nayajua, niliyapanda mimi. Nipe njia ya kuyafikia.” Sijasikia tena mtu akieleza utapiamlo vizuri kuliko yeye. Masisi ilikuwa nchi ya ng'ombe na jibini. Hata asiye na ndama mmoja alipeleka ndizi kwa jirani mfugaji akarudi na maziwa. Ujirani ule ulivunjika kwanza, kisha ng'ombe wenyewe wakaporwa na kuchinjwa, na kufikia 1996 malisho mengi yalikuwa matupu. Kuwalaumu wale akina mama kwamba hawajui kulisha kulikuwa ni dhuluma, na bado ni dhuluma.

Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi walivuka kutoka Rwanda, macho ya dunia yakaelekea kambi za Kibumba, Katale na Mugunga. Watoto wa vilima vyetu hawakuwa habari tena.

Februari 2024 vita vilikaribia mji wa Sake, na watu wa Masisi wakamiminika tena kuelekea Goma. Ulikuwa mwezi wa kupanda. Nikamwambia binti yangu, ambaye siku hizi ni muuguzi, aanze kutafuta maziwa mapema, asingoje Julai.