Gazi, Penye Mikoko ya Wote

Feri ya Likoni asubuhi ni mikokoteni, baiskeli, magunia na bega kwa bega, lakini upepo wa Kilindini hukupoza hata kabla hujavuka. Ng'ambo, matatu hushika barabara ya Lunga Lunga: Ukunda, minazi, miembe, kisha kijia cha vumbi kinachoteremka hadi Gazi, kaunti ya Kwale.

Harufu ya tui la mbaazi ilinipokea kabla ya watu. Mama mmoja alinitandikia jamvi barazani, akaniwekea mahamri ya moto yanayonukia iliki na chai ya tangawizi. Hakuniuliza nimefuata nini mpaka nilipokwisha kushiba. Hapo nje wanawake walikuwa wakijaza madumu. Maji ya kijiji, akanieleza, yametokana na mikoko.

Naam, mikoko. Tangu 2013, Gazi na jirani zao wa Makongeni wanatunza hekta 117 za msitu huo katika mradi wa Mikoko Pamoja. Hewa ukaa inayozuiliwa humo, takriban tani 3,000 kwa mwaka, huuzwa kwa hati kwa watu wa mbali wanaotaka kufidia moshi wao. Fedha zikija, wanakijiji hukaa wakaamua wenyewe: maji, vitabu vya shule, miche mipya.

Maji yalipokupwa tulishika daraja la mbao linaloendeshwa na kikundi cha akina mama. Mwenyeji wangu aliitaja miti mmoja mmoja kama anayewajulisha wageni kwa jamaa zake: mlilana unaotangulia baharini, mkandaa, mchu unaotoa chumvi majanini, mkoko wenyewe. Mbegu ya mkoko ni ndefu, ya kijani, na huchipua ikiwa bado mtini. Nilipewa moja niipande. Tope likanifika magotini, likanivua kiatu, likatoa uvundo wa yai viza. Ni tope lisilo na hewa, ndiyo maana majani na mizizi huoza humo polepole mno, na ukaa ukabaki chini.

Miaka ya 1970 mikoko ya hapa ilikatwa kwa kuni za viwandani, pwani ikabaki uchi. Katika miaka ya 1990 watafiti wa bahari walianza kuipanda upya pamoja na wenyeji. Siku hizi mivinje nayo hupandwa nchi kavu, ili anayetaka nguzo au kuni asiuguse msitu. Mwaka 2017 kazi hii ilitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Adhuhuri jua lilikuwa kali na mbu hawakuwa na haya, lakini wali wa nazi na samaki wa kupaka vilinisahaulisha yote. Ukija, ulizia kwanza saa ya maji kupwa, vaa viatu visivyokuuma roho vikizama, na waagize akina mama chakula mapema. Kila sahani utakayolipia ni sababu nyingine ya mikoko hiyo kubaki imesimama.