Akriliki Ikivuja, Silikoni Siyo Dawa

Leo tuweke programu kando kidogo.

Nyumbani nafuga mbuna, wale samaki wa rangi kali wa Ziwa Malawi. Chini ya tangi lao kuna kisanduku cha akriliki cha lita 60 ambamo maji huchujwa kabla pampu haijayarudisha juu. Mwezi uliopita mshono mmoja ulianza kudondosha tone moja moja, karibu kabisa na waya za umeme.

Fundi mmoja alitaka kupaka silikoni kwa nje. Nikakataa. Silikoni hushika kioo vizuri sana, lakini kwenye akriliki hubanduka baada ya muda. Tena ukipaka kwa nje, maji yenyewe yanaisukuma itoke. Ni sawa na kuficha ujumbe wa hitilafu huku hitilafu ipo palepale.

Akriliki huungwa kwa gundi ya kuyeyusha. Gundi hiyo hulainisha nyuso mbili za plastiki zikachanganyikana, kisha yenyewe hugeuka mvuke na kuacha kipande kimoja. Lakini haishiki penye maji wala chokaa. Kwa hiyo kazi kubwa ni kusafisha na kukausha.

Kwanza nilizima umeme, nikapitisha tishu kavu kwenye mishono nikaona inapolowa. Nikamwaga maji, nikasugua chokaa kwa siki, nikasuuza, nikaacha kisanduku kikauke siku mbili. Spiriti usitumie, huweza kuleta nyufa ndogo ndogo. Halafu nikapaka gundi nzito kwa ndani na kukandamiza kijiti cha akriliki kwenye kona. Nikangoja saa 48, nikajaza maji, nikatandika gazeti chini siku nzima.

Fungua madirisha, na moto usiwe karibu. Gundi nyingi za aina hii zina dikloromethani, ambayo Marekani ilipiga marufuku matumizi yake mengi mwaka 2024.

Na sponji la chujio usilianike! Ndani yake wanaishi bakteria wanaogeuza amonia. Wakifa, samaki nao hufuata. Langu nililitia ndani ya tangi la samaki, karibu na pampu ya hewa, siku zote tano.

Gazeti halikulowa, na mbuna wote wazima. Kabla ya kununua kisanduku kipya, jaribu hivi. Kazi njema!